Sufuria Yako Inanuka Sambaza

Maman,

Sufuria yako inanuka sambaza.

Nilitaka kuanza na salamu kama watu wenye adabu, nikwambie sisi huku tuko salama, tunamshukuru Mungu. Lakini wewe mwenyewe ulichukia watu wa kuzungukazunguka. "Sema kitu ulikuya nacho," uliwaambia wageni kabla hata hawajakaa. Basi nimekuja na hicho. Ile sufuria nzito ya keki, uliyovuka nayo daraja la Rusizi kichwani siku mliporudi kutoka Bukavu, mimi nikiwa mgongoni kwako. Ile ambayo haikuguswa hata siku moja na kitunguu, wala samaki, wala sabuni. Imekaangiwa sambaza, visamaki vya ziwani. Nimeinusa mwenyewe, nimeingiza kichwa chote ndani.

Na aliyekaanga ni Clarisse, mke wa kaka Deo. Uliyempa wewe. Kwa mdomo wako.

Misa yako ya mwaka imepita, ndiyo maana nimepata nguvu ya kuandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichopikia. Kinyarwanda kilikuwa cha kanisani na cha majirani, lakini ukishainama mbele ya mbabula, ukipuliza makaa, Bukavu yote ilikurudia mdomoni. Tangu umeondoka hakuna mtu anayenigombeza kwa Kiswahili.

Nyumba ya Gihundwe ni ya Deo sasa. Ameweka wapangaji, mwalimu mmoja na mke wake, watu wazuri tu, wanapikia gesi. Mimi niko kwenye chumba cha nyuma, kile tulichowekea magunia ya makaa. Nimekipaka chokaa, bado nikiamka naona weusi kwenye mto. Deo alisema, "Kaa humo, dada, hakuna mutu atakufukuza." Alisema kwa wema, Maman, kama mtu anayetoa zawadi, nami nikamjibu asante. Ile asante inaniuma mpaka leo.

Yule mama wa ndizi wa soko la Kamembe bado ananiwekea kamaramasenge zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi, zile ndizi ndogo ambazo wateja wengine hawazitaki tena. "Za Maman Keki," ananiambia. Alikuwepo kwenye mazishi, alitupa udongo kaburini, anajua vizuri kwamba haupo. Anaziweka tu. Nami nazichukua, nashindwa kukataa. Nafika nazo nyumbani zinaoza, nawatupia mbuzi wa jirani.

Usidhani sikujaribu. Nilinunua sufuria ya sokoni, zile nyepesi zinazopinda ukizishika kwa nguvu. Nikaponda ndizi kwa uma, nikaweka mayai, unga, sukari, chumvi ya kubana kwa vidole viwili kama wewe. Mfuniko wa sufuria yako ulikuwa bapa, ukingo umeinuka, makaa yalitulia juu yake kama kuku aliyelalia mayai. Huu wangu umevimba katikati, makaa yakateleza, moja likaniangukia mguuni. Keki yenyewe chini imeungua, juu ni uji. Nikakaa pale chini nikalia, na sikulia kwa sababu ya mguu.

"Moto ya juu ikuwe mingi, ya chini ikuwe kidogo." Ulinirudishia maneno hayo kila siku ya Mungu, kana kwamba mimi ni mgeni jikoni mwako. "Na usifungue! Muntu wa kufunguafungua anakulaka keki ya kuanguka." Nikisogeza mkono kwenye mfuniko, mwiko ulikuwa umeshanifikia. Ulingoja harufu. Ulikaa na mikono mapajani, unaongea habari nyingine kabisa, halafu unanyamaza katikati ya neno na kusema, "Njo sasa." Na ilikuwa sasa kweli.

Halafu ukoko. Ukishaigeuza keki kwenye sinia, kule chini sufuriani ulibaki ule ukoko mweusimweusi, mtamu, unaokatika chini ya kijiko. Deo alipewa kipande cha katikati, wageni walipewa vipande vizuri. Ukoko ulikuwa wangu. Hakuna aliyeuliza, ilijulikana.

Siku niliyorudi kutoka Nkanka nilikuja na mfuko mmoja na viatu mkononi kwa sababu ya matope. Mume wangu alikuwa ameshamwingiza mwanamke mwingine ndani, akaniambia niende nikapumzike kwetu. Kupumzika! Njia nzima nilikuwa natayarisha maneno ya kukueleza. Hukuyataka. Ulinitazama miguu, ukaingia jikoni, ukanipa sufuria yenyewe, nzima, pamoja na kijiko. "Kula kwanza. Maneno itatungoja." Nilikwangua ukoko ule huku machozi yanaingia humohumo. Hukuwahi kuyauliza yale maneno, na mimi sikuwahi kuyasema. Siku hiyo nilijua nina mahali.

Clarisse ndiye aliyesema pale sebuleni, nami nikiwa nasikia, kwamba mwanamke aliyeolewa hana tena chumba kwa mama yake. Uliyasikia maneno hayo, Maman. Ulimjibu kwa kumpelekea chai.

Sasa niambie. Nani alikuogesha? Nani alilala chini ya kitanda chako hospitalini kwenye mkeka, muuguzi akinikanyaga miguu? Deo na mkewe walikuja Jumapili baada ya misa, na juisi ambayo hukuweza kuinywa. Na siku ile tulipoondoa kilio, majirani wameshanawa mikono na kwenda zao, wazee wa ukoo wamekaa ndani kugawa vitu vyako, Deo akasimama akakohoa. "Maman aliniambia yeye mwenyewe, kule hospitali. Sufuria ya keki ni ya Clarisse."

Mimi nilicheka. Mbele ya wazee nilicheka kwa sauti, nikidhani anatania. Nikauliza, "Sufuria gani?" Clarisse alikuwa anatazama sakafu.

Mimi nilipewa vitenge vyako na rozari. Vitenge viko kwenye mfuko, sijavivaa hata kimoja. Nimehesabu na kuhesabu tena kichwani ni lini ulimwambia, maana sikukuacha. Lazima ilikuwa nilipokwenda kuchota maji ya moto ya kukuogesha. Uliningoja nitoke, Maman. Mtu anayekufa, pumzi zenyewe za kuhesabu, akapata hesabu ya kungoja nitoke. Sijui kama kuna kitu kimewahi kuniumiza namna hiyo, na Nkanka unaijua.

Mwaka mzima sikukanyaga kwa Deo. Tulionana kanisani, tukapeana mkono, basi. Halafu misa yako ikakaribia, watu wakaanza kuniuliza, "Espe, keki itakuwepo?" Kila msiba wa Gihundwe, kila komunyo ya mtoto, keki yako ilikuwepo. Misa yako wewe ndiyo ikose? Nikachukua pikipiki mpaka Cyangugu chini, karibu na ziwa, anakokaa Deo. Kifuani nilikuwa nimebeba matusi ya mwaka mzima, nimeyapanga vizuri.

Nikaingia kwa mlango wa nyuma. Sufuria yako iko jikoni, mafuta yanaruka, sambaza zinalia ndani yake. Mfuniko uko chini, umewekewa maganda ya vitunguu. Maman, matusi yote yalinitoka kichwani. Nilisema tu, "Clarisse. Samaki?"

Aligeuka na ule uma wa kugeuzia. Hakushtuka. Akasema, "Umekuya. Nilishaanza kukata tamaa." Halafu akaepua, akanivutia kiti, akanieleza. Kwamba hakuomba sufuria. Kwamba hajui hata inafungwaje. Kwamba ulimwita pamoja na Deo ukawaambia hivi, na alikuiga mpaka kule kukohoa kwako: "Espe akipata sufuria atajifungia nayo. Akiikosa, ataitafuta. Akikuya kwako, umukaribishe, umuambie akufundishe. Deo njo ndugu yake, hana mwingine." "Mwaka muzima," akasema, "nangoja. Mwishoni nikaona sufuria inakaa bure, nikakaangia. Kwetu Bugarama sufuria ni sufuria."

Ungetaka nikwambie kwamba nililia, tukakumbatiana. Hapana. Nilikasirika zaidi. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Kumbe haikuwa kwamba ulinisahau, ulinipanga! Ulikaa kwenye kitanda cha kufia, ukapanga makaa ya juu na makaa ya chini, mimi ukaniweka katikati niive. Na kwa nini ni mimi wa kutembea? Yeye ndiye aliyesema sina chumba. Hukuweza kumwambia yeye apande Gihundwe, agonge kwenye chumba cha makaa, aseme dada nisamehe? Mwanao umemwachia nyumba, mkewe umemwachia sufuria, mimi umeniachia kazi. Hiyo ndiyo haki yako, Maman? Ungekuwa hai ningekuuliza usoni, na ungenijibu, najua, "Kula kwanza." Ndiyo maana nina hasira. Huwezi kugombana na mtu ambaye hayupo kukukatiza.

Lakini misa ilikuwa kesho yake. Nikavua koti.

Sufuria tuliichemshia ndimu, tukaisugua kwa majivu, tukaichemshia majani ya mlimao, tukaianika. Harufu ikapungua, haikuisha. Clarisse aliponda ndizi, lazima niseme ukweli, anaponda vizuri, hana haraka. Wali wake pia sikuwahi kuwa na neno nao. Lakini tulipoweka makaa, alikuwa hatulii. "Tuchungulie kidogo?" Akapeleka mkono kwenye mfuniko, nami nikamchapa kwa mwiko, paa, kabla sijafikiri. Tukatazamana. Alishika mkono wake akasema, "Maman alinipigaka hivyohivyo nilipoonja mchuzi." Sikujua hilo. Nilidhani ule mwiko ulikuwa wangu peke yangu.

Harufu ilipofika nilijua. Nilikuwa namwambia habari za yule mama wa ndizi, nikanyamaza katikati ya neno. "Sasa," nikasema. Keki ilitoka imebonyea kidogo upande mmoja, rangi ilikuwa yako.

Baada ya misa watu walikula. Harufu ya sambaza iliposikika, waliinyamazia kwa heshima yako. Bibi mmoja wa chama chenu cha rozari alitafuna, akafumba macho, akasema, "Huu ni mkono wa marehemu kabisa." Na Clarisse, aliyeshika sinia, akajibu, "Asante, bibi." Asante! Nilimeza chai ya moto ili nisiseme kitu. Deo alisimama peke yake ukutani na kipande chake cha katikati, hakukila, alikishika tu mpaka kikavunjika mkononi. Nilitaka kumwonea huruma. Nusu nilimwonea.

Jioni tulirudi kwao kuosha vyombo. Sufuria ilikuwa bado chini ya meza, tangu jana hakuna aliyeigusa, na ukoko umo ndani. Clarisse akaiinamisha, akaanza kuukwangua kuelekea mlangoni. "Wa kuku," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Na yeye atajuaje? Hukumwambia. Ulimwambia yote, ukoko hukumwambia.

Nikamnyang'anya. Ndiyo, nilimnyang'anya, mtu mzima mimi. Nikatoka nayo nje, nikakaa kwenye kizingiti, nikaipakata, nikala. Ulikuwa mgumu, umelala, una sukari iliyoungua na una samaki. Nilikula wote ule uliokuwa upande wangu. Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nililia vizuri, kamasi na yote, kama siku ile ya Nkanka. Tofauti ni kwamba hakukuwa na mtu ndani wa kunisikia na kuacha kuniuliza.

Halafu Clarisse akaja. Akakaa pembeni yangu kwenye kizingiti, na mkononi ana kijiko chake. Akangoja.

Sikumpa, Maman.

Sitakudanganya, wewe hukupenda uongo wa makaburini. Sijakusamehe, naye pia sijamsamehe, na sioni haraka iko wapi. Lakini aliponisindikiza barabarani aliniuliza kama nitakuja Jumamosi, na mdomo wangu ukasema ndiyo kabla yangu. Basi nakuahidi na wewe. Nitaenda, na Jumamosi nyingine nitaenda, na nitamfundisha moto wa juu na moto wa chini, na nitamchapa akifungua, mpaka keki yake isianguke. Sambaza nimeshamkataza. Kwa Deo nitaingia kwa mlango wa mbele. Umepata ulichotaka, furahi huko uliko.

Ila kuhusu ukoko, usinisukume.

Pumzika sasa, Maman, umepanga vya kutosha. Jumamosi nitaenda, na nitaenda na kijiko kimoja.

Mimi mutoto wako,
Espe