Mtu wa Juu ya Mfenesi

Kengeja
6 Januari 2024

Shemegi yangu Silima,

Assalaam alaykum, wewe na nyumba yako yote. Dada yako Asma hajambo, goti lake tu ndilo lenye neno. Mie mzima. Wewe naambiwa mzima, ingawa sikulisikia hilo kwako, maana simu yangu huipokei. Ndiyo nikampa Ridha wa gari karatasi hii akuletee Madungu.

Nakujuza kuwa riwaya yangu inapigwa filamu hapa Kengeja, na mkubwa wa shughuli yote ni mimi. Bila ya Mzee Masika kutia neno, kamera haifunguliwi. Nikisema watu wakae, wanakaa. Nikisema chai, chai inakuja.

Hayo ya hapo juu ni uongo, na nayaacha kwa kuwa wino nao una thamani yake. Kweli ni kuwa nimepewa kiti cha plastiki nyuma ya kamera nikaambiwa ninyamaze. Juzi nilikohoa, wakarudia tangu mwanzo. Jana jogoo wangu aliwika, tukaondoshwa sote wawili, mimi na yeye, mpaka nyuma ya jiko.

Mwenye filamu ni binti wa hapo Chake, Jawaher, mtoto wa watu waliokuwa na mikarafuu zamani na sasa wamebaki na adabu. Hana kampuni nyuma yake wala bwana wa kumwamrisha. Ana watu saba, kamera moja, na taa aliyoazima kwa mpiga picha za harusi. Kitabu changu amekisoma mara nne, yaani mara tatu zaidi yangu.

Anayeniigiza mimi ni kijana wa Unguja, Haitham. Sura anayo, kanzu imempenda. Lakini zumari, yakhe. Wewe unajua mpiga zumari hakati sauti: pumzi unaiweka mashavuni huku unavuta nyingine kwa pua, mlio haukomi. Haitham anapuliza, anaacha, anahema, anapuliza tena, kama mtu anayewasha kuni mbichi.

Karibuni wanapiga ule mchezo wa kumchokoza ng'ombe kwa zumari na kitambaa, pale fahali anapokata kamba, mpiga zumari anabaki uwanjani anapiga, na mchezaji ng'ombe hodari wa mdomo anaparamia mfenesi. Anayekuigiza wewe ni mwembamba, anapanda kama kima. Njoo ujitazame. Kiti changu cha plastiki nitakugaia nusu.

Shemegi yako,
Masika


Madungu
10 Januari 2024

Shemegi Masika,

Waalaykumu salaam. Huku wazima, alhamdulillahi. Mwambie dada yangu goti alikande kwa mafuta ya karafuu asubuhi na jioni.

Kiti chako kikalie mwenyewe.

Kitabu kilipotoka mwaka elfu mbili na kumi na sita, yule mtu wa kwenye mfenesi ulimwita Selemu, ukampa kipara changu, ukampa na kikohozi changu. Nikanyamaza. Niliacha kuja kwenu, basi. Nilijua wanaosoma vitabu kisiwani hapa wanahesabika, na wengi wao wanakomea jalada. Lakini filamu ataitazama hata asiyejua alifu. Ataitazama kwenye simu yake, anangoja nimshonee makubazi, na mimi nimekaa mbele yake na mguu wangu nimeunyoosha.

Mwezi uliopita wazee wa Ole walikuja kumposa Tamima wangu. Mmoja, kwa ucheshi, akaniuliza kama nyumbani kwangu nimepanda mfenesi. Wakacheka. Nikacheka nao. Ndoa ni Shaaban, na siku hiyo nataka nikae na wakwe zangu nikiwa mtu, si kichekesho.

Sasa nakuuliza kwa maandishi: mwaka wa tisini na moja, nani alikuwa juu ya mfenesi?

Asubuhi ile nilikaa kwenye jiwe nakukatia ulimi mpya wa ukindu wa kutia mdomoni mwa zumari yako, kwa kuwa wako ulikuwa umepasuka. Sikuumaliza, wakaniita uwanjani. Fahali akakata kamba, akaja kwako. Nikamwita kwa kitambaa aje kwangu, akaja. Nilipokuwa chini, pembe i pajani, nilitazama juu nikaona nyayo zako. Zumari ilikuwa mchangani, imekanyagwa.

Sikumwambia mtu. Kina mama waimbaji waliona, nao walikufichia. Mimi nilikufichia kwa ajili ya Asma, nikahamia Madungu kwa kuwa jembe halishikiki kwa mguu mmoja. Na shukurani yake ukaniandikia mti.

Mwambie huyo Jawaher ukweli. Usipomwambia, mlango wangu usiujue.

Shemegi yako,
Silima


Kengeja
19 Januari 2024

Shemegi yangu Silima,

Salamu zimefika. Mafuta Asma keshapaka, nyumba nzima inanuka kama ghala la karafuu. Hali yangu ni ya mtu aliyetukanwa na fundi makubazi, yaani nimewahi kuwa na mbaya zaidi.

Sikumwambia. Tena sitamwambia.

Riwaya si kiapo, Silima. Mimi wa darasa la tano nilikaa miaka sita naandika kwenye madaftari ya skuli, watu wananicheka, mpaka nikamaliza. Yule mpiga zumari nilimpa ushujaa kwa kuwa dukani haukuuzwa. Nani angesoma habari za mpiga zumari aliyekwama juu ya mti? Na mtu lazima apande, ama mfenesi ule ungekuwa pale wa nini? Wewe ulikuwa karibu.

Jana wamempiga picha Haitham, fahali hajaletwa bado. Amesimama katikati ya uwanja, kifua mbele, na pembeni kina mama wanaimba. Ni wale wale wa siku ile, waliobaki, Bi Mwanapili mbele yao. Jawaher akawaeleza kuwa huyu ndiye mpiga zumari aliyekataa kukimbia. Bi Mwanapili akacheka. Alianza kidogo, kooni, kisha wakashika wote, mpaka mmoja akakaa chini na kanga mdomoni. Wakarudia mara tano, na mara tano wakacheka. Jawaher akauliza kulikoni. Walinigeukia mimi pale kitini, wote pamoja.

Nikasema wanacheka mashavu ya Haitham. Kijana wa watu akayashika mashavu yake.

Yale macho sikuyapenda, nakwambia. Lakini sikuyaogopa, na ya kwako siyaogopi. Kama una haya na watu wa Ole, wape kahawa nzito watasahau. Kama unataka mfenesi ufutwe, panda gari la Ridha uje useme mwenyewe mbele ya watu. Au wewe ni hodari wa karatasi tu?

Shemegi yako,
Masika


Madungu
22 Januari 2024

Masika Kombo,

Salaam.

Ndani ya bahasha kuna kitabu chako. Ukurasa wa mfenesi sikuugusa, huo ni wako. Nimechana ule wa mbele, ulionitilia saini "kwa shemegi yangu wa pekee".

Makubazi ya dada yangu nimempa Ridha. Soli nimeiongeza upande wa goti bovu. Harusini aje yeye.

Usiniandikie tena.

Silima Faki
Fundi makubazi, Madungu


Kengeja
3 Februari 2024

Shemegi yangu Silima,

Assalaam alaykum. Umenikataza kuandika, nami sikukuelewa vizuri. Skuli yangu unajua ilipoishia.

Hali yako siulizi, nitaambiwa na Ridha. Yangu hii hapa: Asma hasemi nami siku ya kumi na mbili leo. Chakula anakiweka, anaondoka. Kitabu chako kilipofika alikifunua pale mbele, akapitisha kidole kwenye karatasi ilipochanika, akakifunga. Kisha akavaa makubazi yako akaenda uwanjani, na tangu siku hiyo anakaa kule pamoja na waimbaji. Nyumba ina mimi na jogoo.

Sasa sikiliza, na ukicheka ucheke huko huko.

Jumatano walileta fahali kutoka Ole. Mwekundu, shingo kama kinu. Haitham akapuliza na kuhema, kupuliza na kuhema. Fahali akalala. Akacheua. Alasiri nzima anacheua, na kamera inamtazama. Mwenye fahali akamwambia Jawaher kwamba ng'ombe wake hainuki kwa pumzi za mafungu. Apewe zumari ya kweli ama amrudishe kwao.

Jawaher akaja kwenye kiti changu. Akaniomba nipige mimi, lakini nisionekane. Kunificha ikawa kazi. Nyuma ya ngoma, kanzu yaonekana. Nyuma ya kina mama, kilemba chatokeza. Mwenye kamera akazunguka uwanja mzima akifumba jicho moja, mwisho akanyoosha kidole na kusema pale ndipo kamera haifiki.

Mfenesi ule ule, Silima. Umezeeka kama sisi, ila wenyewe bado unazaa.

Nikaletewa ngazi. Mwaka ule sikuhitaji ngazi. Nilipofika kidato cha tatu Bi Mwanapili akatoa wimbo pale pale, wa kwake mwenyewe:

Mfenesi wamjua,
mgeni wake karejea.

Wenzake wakaitikia. Dada yako akaitikia kwa sauti kuliko wote. Ndiyo sauti yake niliyoisikia katika siku kumi na mbili.

Nikakaa kwenye tawi, majimoto, wale chungu wekundu wa mtini, wananila, nikapiga. Fahali akainuka kama aliyeitwa jina. Yule kijana anayekuigiza akamzunguka, akakimbia kama nilivyoandika, akashika ngazi, akatazama juu, akanikuta. Akaniuliza, taratibu, kamera isimsikie, "Mzee, na mimi nipande wapi?"

Nilimtazama yule kijana chini, uso umeelekea juu, na nyayo zangu zi mbele ya macho yake. Nikajua ulichokiona wewe.

Nikakata pumzi. Miaka hamsini napiga zumari, sijawahi kukata pumzi katikati ya wimbo. Nikasema watu wote wasikie, "Jawaher, usimpandishe huyu. Wa juu ya mfenesi nilikuwa mimi. Silima alibaki chini, na pembe ile aliichukua kwa ajili yangu."

Hakuna aliyecheka. Nilidhani watacheka.

Jawaher akaja mpaka chini ya mti na karatasi zake mkononi. Akaniuliza kwa nini basi sikuandika hivyo. Nikamwambia kwa sababu aliyekuwa akiandika ni mimi. Akamwambia mwenye kamera aigeuze itazame juu. Hana bwana wa kumwomba ruhusa yule.

Jana wamepiga upya. Haitham yuko mtini, analia majimoto, zumari imemdondoka kwa woga wa kweli, na Jawaher amefurahi. Kijana wako amebaki na fahali na kitambaa chake, amesimama vizuri. Si kama wewe. Wewe ulisimama vizuri zaidi, na hili silirudii. Kitabu siwezi kukirekebisha, kimeshapigwa chapa, lakini watakaotazama ni wengi kuliko waliosoma, ulisema mwenyewe.

Usidhani nakuomba radhi. Kiburi chako sikipendi, na kipara kile ni chako, nilikieleza sawasawa.

Ila nakudai. Wakati nashuka ngazini, ulimi wa zumari yangu ulipasuka. Ukindu ninao, nimeuroweka tangu asubuhi, lakini sikati tena sawa. Siku ile uliniahidi mmoja, ukauacha nusu kwenye jiwe. Mimi sikusahau. Nataka nipige harusini kwa Tamima, na siwezi kupiga bila huo. Usimpe Ridha, utavunjika njiani. Njoo uukatie hapa. Jiwe lipo.

Shemegi yako,
Masika