Jibini Yangu na Gramu Mia za Kitunguu Saumu

Mjukuu wangu Zaituna,

Salamu zikufikie huko chuoni, mjini Pemba. Sisi wa Quitunda ni wazima, na mama yako amejifungua salama mtoto mwenye sauti ya mwadhini.

Umeuliza kipi kina lishe zaidi, jibini ya mbuzi au kitunguu saumu. Hilo nililijibu zamani, gesi ndiyo kwanza imeonekana chini ya bahari yetu na magoti yangu yangali mazima. Nilijifunza mwenyewe kugandisha maziwa ya mbuzi kwa ndimu, nikapeleka jibini jikoni kwa wafanyakazi wa kambi ya gesi ya Afungi. Wasingenunua, ningelazimika kuuza mbuzi wangu.

Mnunuzi wao, bwana Anli, akafungua kitabu. "Bibi, gramu mia za kitunguu saumu zina kalsiamu nyingi kushinda jibini laini kama hii. Vitamini C ndiyo usiseme. Ninunue ya nini?"

"Na protini?"

Akakohoa. "Hapo jibini iko mbele."

"Basi tutumie kipimo chako. Mimi nile gramu mia za jibini, wewe gramu mia za kitunguu saumu kibichi. Ila leo Ijumaa."

Wapishi wakaangua kicheko, maana kwetu mwenye harufu ile haingii msikitini. Anli akafunga kitabu.

"Lete kila wiki, bibi. Umenishinda."

Vitabu hupima kwa gramu mia, mjukuu wangu. Watu hula jibini kwa kipande na kitunguu saumu kwa punje. Wiki iliyofuata nilimsagia punje mbili ndani ya jibini. Akanunua yote.

Bibi yako,
Mwanaesha