Boma Moja, Taa Tano

Jumatano, 10 Oktoba 2012. Kakuma
Nimeuza taa tano za sola leo, zote boma moja. Mzee ana wake wanne na mama yake. Kila mwanamke na kibanda chake, kwa hiyo kila kibanda taa yake. Simu ni ya mzee tu; nikaandikisha zote kwa namba yake. Miguu imekufa. Bosi ameahidi pikipiki kwa atakayeuza zaidi hadi Desemba. Naitaka. Ningefika Lodwar kila Ijumaa. Mwanangu Asekon, anayelelewa huko na dada yangu, ameanza kumwita mama.

Jumanne, 6 Novemba
Rafiki yangu Lokwang, anayeuza Lodwar, amekwama. Nikampa mbinu: aache kubembeleza wazee, aende kibanda kwa kibanda kwa wake zao. Akaniita mwalimu.

Alhamisi, 29 Novemba
Nimewapita wote. Hata maduka ya Wasomali kwenye kambi ya wakimbizi yamenunua. Juzi kulikuwa na mkutano wa wauzaji Lodwar, nami nilikuwa porini. Nikampigia Lokwang kuuliza kuna jipya. Akasema hakuna.

Ijumaa, 14 Desemba. Lodwar
Pikipiki kapewa Lokwang.
Kumbe wanahesabu wateja, si taa. Na mteja ni namba ya simu. Boma langu la taa tano ni mteja mmoja. Ilitangazwa kwenye ule mkutano. Lokwang alikuwepo. Aliuza kwa mbinu yangu, ila kila mke alimwandikisha kwa namba ya ndugu wa mke huyo.
Nikamfuata nje. "Mbona hukuniambia?"
"Ningekuambia ungenishinda."
Afadhali angenidanganya tena.

Jumatatu, 17 Desemba
Bosi anasema sheria ni sheria. Nikamuuliza giza likiingia pale bomani zinawaka taa ngapi. Akaangalia simu yake. Targeti mpya imeshabandikwa ukutani. Nimechoka nao wote.

Jumamosi, 5 Januari 2013. Lodwar
Asubuhi nilikuwa barabarani Kakuma nasubiri lori. Lokwang akasimamisha pikipiki, akanisalimu ejok, akasema panda, naenda nyumbani. Nilitaka kukataa. Lakini lori lingeweza kuja jioni, au lisije. Nikapanda. Nilishika keria nyuma ya kiti, si yeye.
Kwa dada, Asekon akatoka mbio, akapapasa taa ya mbele, akauliza pikipiki ya nani.
Ya mtu wa kazini, nikamwambia.