Viganja Viwili Chini ya Nyasi

Pell Creek, Alabama
Oktoba 9

Mdogo wangu mpendwa Nadine,

Pokea salamu zangu, na uniwie radhi kwa kimya cha tangu Pasaka. Simu zako niliziona. Sikuzipokea kwa sababu nilikuwa na jambo ambalo sikutaka kulisema kabla ya kulipanga. Nyonga yako inaendeleaje? Mimi ni mzima, ila magoti, nayo hayajanizuia kusimama darasani.

Habari za hapa si njema. Halmashauri ya mji inataka kuifunga maktaba. Wanasema paa linavuja. Linavuja tangu tukiwa wasichana. Kilichobadilika ni kwamba jioni meza zinajaa akina mama wa Guatemala wanaofanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, wakijifunza Kiingereza. Dewey Stroud, aliye katika halmashauri na pia katika bodi ya shule, aliniambia nje ya kanisa kwamba hapana chuki yoyote, mama, ni paa tu. Nikamwuliza mbona miaka yote hiyo sijamwona na ngazi.

Wanafunzi wangu waliniuliza inakuwaje mji ujinyime kitu chake wenyewe. Sikuwapa kitabu, niliwapa sepetu. Niliwapeleka kwenye kile kiwanja cha nyasi nyuma ya kituo cha zimamoto, nikawaambia wachimbe. Travis, ambaye hajapata kufanya kazi bila kunung'unika, aliwaambia wenzake kwamba Bi. Tidwell amechoka kufundisha, sasa anatafuta pa kuzikwa. Nikamwambia achimbe shimo pana, maana sitaingia peke yangu.

Kwenye kina cha kiwiko, sepetu iligonga kigae cha buluu. Ndipo nilipowaeleza kwamba mwaka 1964 mahakama iliamuru bwawa la kuogelea la mji liwe la wote, weusi na weupe, na mji ukaona heri kulijaza zege kuliko kuoga pamoja. Tangu hapo hakuna mtoto wa rangi yoyote aliyeogelea Pell Creek ila mtoni. Kisha Marisol, ambaye mama yake ni mmoja wa wale wa maktaba, akasema, "Kwa hiyo zege walijimwagia wenyewe." Sijasahihisha insha iliyosema vizuri zaidi.

Wiki iliyofuata bodi ya shule iliniita. Nitie sahihi karatasi inayosema kwamba somo lile lilikuwa kosa na linawafundisha watoto kuwadharau babu zao. Nisipotia, mkataba wangu unaishia hapo. Stroud akaongeza kwamba hata hivyo hakuna ajuaye nani alilijaza bwawa lile.

Mimi najua, Nadine. Wewe ulikuwa na miaka minne, huwezi kukumbuka. Dereva wa lori la zege alikuwa baba. Alitupandisha mbele pamoja naye, na kazi ilipokwisha akatuinamisha ukingoni, akabonyeza viganja vyetu katika zege mbichi, akisema siku moja tutawaonyesha watoto wetu. Sikumwonyesha mtu. Miaka thelathini na tisa nimefundisha historia ya nchi hii huku nikikizunguka kiwanja kile. Siku ile wanafunzi walipoondoka nilibaki na sepetu, nikachimba pale nilipopakumbuka. Vipo. Chako hakijazi kisahani cha chai.

Najua utasema marehemu aachwe apumzike, alikuwa baba mwema. Alikuwa baba mwema, na alitununulia aiskrimu njiani tukirudi. Watoto wale wanapaswa kujua kwamba watu wa namna hiyo ndio waliolijaza bwawa.

Sitatia sahihi. Alhamisi nitasimama mbele ya bodi, nitamtaja Hollis Tidwell kwa jina lake kamili, kisha nitamwalika Bwana Stroud twende kiwanjani akaone. Sikuombi ruhusa. Nakupa habari mapema ili usiisikie kwa binamu Earline, ambaye ataitia chumvi. Ukitaka kuja, kitanda chako kimetandikwa, na kiganja chako nimekipangusa udongo.

Msalimie shemeji Roy na watoto. Bodi ikishaamua nitakuandikia, niwe mwalimu au nisiwe.

Dada yako,
Verna