Poda ku kichwa ya Arsène

Kadutu, Bukavu

Papa Neema, bwana yangu,

Amani iwe kwako na kwa wote wenye kulala chini ya mabati yetu kule Bunyakiri. Mimi niko muzima, Mungu asifiwe. Goti yako je? Ile mafuta nilikutumia, unapakaa, ao umeiweka tu ku dirisha? Mama mukwe, kikohozi ilimuacha? Na Baraka, meno ya mbele imeisha kuota? Nikilala njo nawafikiri, mumoja mumoja.

Kwanza nikushukuru. Sombe na maharagi vilifika vizuri, hakuna kitu kilioza. Wanawake wenzangu hapa wanashangaa kusikia bwana analima, anapikia watoto bugali, anawafulia nguo, na bibi yake yuko mu muji anapikia watu wengine. Wanauliza kama uko mutu wa kweli. Nawaambia yuko, ila anajua kukasirika. Cheka kidogo, Papa Neema, juu sasa nafika ku maneno yenye inanisumbua.

Ninaandika juu telefone haitusaidie. Réseau ya kule inameza nusu ya maneno, tunaanza kugombana kwa ile nusu yenye imebakia, na unités zinaisha tungali tunagombana. Barua yenyewe haikatike. Uisome pole pole, ukiwa umekula.

Ile siku ya matokeo ya egzamen ya Leta ya kumaliza secondaire, message yako ilifika asubuhi: Neema ameanguka, hana akili ya masomo, dada yako atakuja kumupeleka Minova akauzishe samaki ku soko. Nilikuwa nachagua majani ya lengalenga. Nilitia telefone mu tablier nikaendelea na kazi, juu mu nyumba ya Maman Odile, kwenye napikia, pia walikuwa wanangojea. Arsène, kijana wao, alifanya ile ile egzamen. Unakumbuka nilikuelezea: baba yake anafundisha ku université, mutoto iko na meza yake mwenyewe, taa ya panneau ya jua haizimike, na répétiteur anakuja kila jioni kumufundisha tena yale ya darasani.

Mu muchana Papa Profesa akaangalia telefone yake, akaigeuza ku meza. Arsène ameanguka. Nilisikia kiti inasogezwa, basi. Wakati ule ule, ku parcelle ya jirani wakaanza vigelegele, juu binti yao alipita. Sasa Tonton Deo, kaka ya Maman Odile, alikuwa anapanda barabara na boite ya poda mu mufuko, ameinunua mbele ya kujua matokeo, amwangie kijana vile tunafanyiaka wenye kupita. Akasikia kelele, akazani ni kwetu. Aliingia kwa mulango wa jikoni mbio, akanipita bila salamu, akamwanga ile poda yote ku kichwa ya Arsène huku anaimba. Salon ikawa nyeupe. Kijana akasimama pale, poda ku kope, ku midomo, hakujipanguza.

Maman Odile akasema pole pole, "Deo, ameanguka."

Papa Neema, ungeona vile Tonton Deo alianza kukusanya poda kwa mukono na kuirudisha mu boite. Mutu muzima. Nilijificha nyuma ya mulango, sikujua kama nacheka ao nalia. Papa Profesa alikohoa juu ya ile vumbi, akakohoa mupaka ikageuka kicheko. Akasema, "Acha, Deo. Ibakie pale. Hiyo ni avance ya mwaka kesho."

Wakakula. Nilipeleka sahani, nikatoa sahani, masikio yangu yote iko pale. Walisema répétiteur wa mathématiques hafai, wamubadilishe. Walisema mwaka ilikuwa na mavurugo mingi. Hakuna hata mumoja alitamka neno akili.

Kisha Arsène akaja kuosha kichwa. Nilikuwa namumwangia maji na kopo, yeye ameinama ku beseni. Akaniuliza, "Maman, na Neema?"

"Ameanguka."

"Basi tuko wawili. Atarudilia ku école gani?"

Hakuuliza kama atarudilia. Aliuliza wapi. Nilibakia na kopo mu mukono, maji inanimwangikia ku miguu. Nikamuambia baba yake angali anafikiri.

Sisemi Neema iko na akili kupita wengine. Sijui vile wanapimaka akili; mimi niliishia ya tatu primaire, na hii barua imenitoa jasho. Ninajua tu kama alisomea ku torshi ya telefone yako, wewe ukimuambia charge inaisha. Ule mwenye alisomea ku taa ya panneau alianguka pia, na wanamurudishia mwaka yake kama mutu aliyesahau mwavuli.

Unasemaka wenye diplome hapa Bukavu wanaendesha moto, zile pikipiki za kubeba watu, na yule muchuuzi wa Minova hakumaliza hata primaire na amejenga nyumba ya étage. Ni kweli. Wale wa moto nawaona, wengine wanaongea Kifaransa kizuri sana. Lakini yule wa étage akipata karatasi, iko na mutu wa kumusomea. Akidanganywa leo, kesho anaanza tena. Neema wakimudanganya ku soko, ataanza tena na nini, kama sisi wazazi tumeisha kumuambia hana akili?

Asubuhi yake nilimuelezea Maman Odile maneno ya Neema. Mungu amubariki, alisema Neema akuje kukaa kwake, anisaidie kazi, na asome. Nilimushukuru na magoti chini. Lakini ile nyumba naijua, kazi yake haiishake, mutoto angefungua kitabu akiwa amechoka. Nikajikaza nikamuambia: Maman, atalala kwangu, naomba tu aketi pamoja na Arsène wakati wa répétiteur. Aliangalia meza ya Arsène. Nikaogopa, nikazani nimepoteza kazi. Akasema, "Aketi. Kiti iko." Feza ya école nitaitoa ku mushahara wangu, na likelemba yetu, ile feza wamama tunachangiana kwa zamu, inafika kwangu karibu. Wewe sitakuomba kitu, umeisha kutoa mingi.

Uniamkilie mama yako mwenye kulea watoto wangu. Uniamkilie katekista aliyefundisha Neema kusoma. Dada yako wa Minova umuambie asinikasirikie, namupenda, samaki zake pia nazipenda. Baraka umubusu.

Chauffeur mwenye kukuletea hii barua anarudi Bukavu kesho yake asubuhi. Nimemuomba kiti ya mbele, juu sitaki mutu akae juu ya mizigo na ile barabara. Mutoto avae tricot ya baridi, na asikule kitu ya njiani. Chauffeur aliniuliza kiti ni ya nani. Nilimuambia sijui, Papa Neema njo atakuambia.

Bibi yako mwenye kungojea jibu yako ku parking,
Mama Neema