Nyumba ya Madirisha Kumi na Moja

Jumamosi, 7 Juni
Agnete wa jirani kabadilisha madirisha yote. Ya zamani yalikuwa yanakwenda dampo — nimeyawahi! Kumi na moja, vioo vizima. Nitajenga nyumba ya vioo ya kuoteshea nyanya uani. Chaga za kitanda cha wageni zitakuwa nguzo, rafu za friji bovu zitabeba miche. Mume wangu Preben kasema kaoa mwokota takataka. Kisha akanisukuma, nikajigonga kwenye sinki. Jino linacheza.

Jumatano, 11 Juni
Kuta tatu zimesimama! Nimejikata, damu imeingia kwenye puti ya kushikizia vioo. Sijali. Agnete kaniuliza uso una nini. Nikasema nimeanguka kwenye ngazi. "Ngazi yako ina hasira, shoga," akasema, akaenda zake. Kumbe majirani wanajua. Wote wanajua, na kahawa wanakuja kunywa.

Alhamisi, 19 Juni
Mlango wa bafu la zamani umekaa sawasawa. Komeo nimelitia upande wa ndani. Ndani! Preben kaliona, kacheka, kakipiga teke kioo kimoja. Halafu kaniburuta kwa nywele hadi jikoni. Pengo la kioo nimeliziba kwa nailoni. Daftari hili sasa nalificha chini ya miche.

Jumapili, 22 Juni
Kesho jioni mtaa mzima tunakoka moto wa sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Mwaka huu Preben ndiye aliyemtengeneza mchawi wa majani makavu, sanamu tunayoichoma kila mwaka. Kamvalisha koti langu la bluu na skafu yangu. "Mnamfananisha na nani?" kawauliza wanaume wa mtaa. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilitaka kuua. Naandika kama ilivyo: nilitaka kuua.

Jumatatu, 23 Juni. Jioni, jua bado kali
Nimerudi kutoka dukani, namkuta anang'oa nguzo zangu. "Kuni za mchawi hizi, bibie!" Nikashika mtaimbo, nikampiga mkono wa kulia. Mfupa ulilia. Nikafurahi — Mungu anisamehe, nikafurahi!

Nimejifungia humu kwenye nyumba yangu ya vioo. Yeye yuko nje na shoka, mkono wa kushoto. Vioo vitatu vimekwisha. Kipande kimenichana shingo, damu inadondokea ukurasa.

Majirani wanapita na bendera kwenda kwenye moto wa sikukuu. Wamesimama. Agnete anapiga kelele, "Preben, weka chini hiyo!" Miaka kumi na tisa Preben kanipigia nyuma ya kuta za matofali. Leo mtaa mzima unaona.

Anawageukia, anatabasamu, anaficha shoka mgongoni. Hakuna anayetabasamu. Hakuna anayesogea pia. Sasa ananigeukia mimi —