Funika Mwaka Mmoja, Piga Tena

Baba yangu wa Busunzu,

Maharage tumeshapanda. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hai ungeliuliza kabla hata ya salamu.

Lile daftari lako la mvua na mavuno ya miaka tisa ninalo mimi. Ulikuwa unanikalisha nikutafutie msimu ujao tutavuna magunia mangapi. Nikimaliza najisifu, wewe unachukua punje ya haragwe, unaiweka juu ya mwaka mmoja, unaufunika. "Huu haukuwepo. Piga tena." Jibu linabadilika. Unahamisha punje. "Piga tena." Nilichukia, Baba, nilikuona msumbufu tu. Nikikuambia kanuni ninayo, unacheka: "Na hiyo kanuni umeitoa wapi? Si kwenye hii hii miaka tisa?"

Msimu uliopita wakulima wa kikundi hapa Heru Juu, ninakofanya kazi, waliniuliza kama wanaweza kula mbegu ya akiba. Kompyuta ikasema tutavuna magunia thelathini, yakipungua sana ishirini na saba. Nikataka kuwaambia waile. Ila kompyuta ilikuwa imehesabu ukorofi wa mvua peke yake; kanuni yenyewe iliichukulia kama imeshushwa kutoka mbinguni, wakati mimi niliitoa kwenye misimu michache tu. Nikatafuta punje. Nikafunika, nikapiga tena, mwaka kwa mwaka mpaka ikaisha yote. Jibu likatanuka: kumi na nane mpaka arobaini na mbili.

Mama Neema, mwenyekiti wao, alinitazama weee. "Kumi na nane mpaka arobaini na mbili? Hiyo hata mbuzi wangu angesema." Watu wakacheka, nikaona aibu kweli. Lakini akiba hawakuigusa.

Tulivuna kumi na tisa, na karibu yote yakaishia jikoni. Juzi tukaifungua ile mbegu ya akiba, iliyochanganywa na majivu isiliwe na wadudu, kila mtu akapata ya shamba lake. Ya kwangu alinipimia Mama Neema mwenyewe. "Mbuzi wangu anakusalimia," akasema.

Nina furaha, Baba, na ningependa uione. Kumi na tisa nimeiandika kwenye daftari lako, chini kabisa ya mwandiko wako. Halafu nikaweka punje juu yake, nikapiga tena. Safari hii hakuna aliyeniamrisha.

Pumzika huko uliko.

Binti yako, yule mbishi.